Mbwa Anakula Lakini Anadhoofu: Kutafuta Upungufu wa Vitamini kwa Dalili na kwa Aina ya Mbwa

Katika maduka ya dawa za mifugo hapa Kigoma mjini, ombi moja husikika mara kwa mara: "Nisaidie sindano ya vitamini, mbwa wangu kadhoofu." Muuzaji huteremsha chupa ya multivitamini, mteja hulipa, mbwa hudungwa, na kwa siku tatu nne huonekana amechangamka, kisha hali hurudi ilivyokuwa, na chupa ya pili hununuliwa. Sina ugomvi mkubwa na sindano yenyewe. Ugomvi wangu ni kwamba hudungwa kabla ya mtu kuuliza mbwa ni wa aina gani, anakula nini, na dalili ilianzia wapi, ilhali maswali hayo matatu ndiyo yanayotenganisha upungufu unaotoka kwenye sufuria na upungufu unaotoka ndani ya mwili wa mbwa mwenyewe.

Upungufu wa sufuria unaweza kumpata mbwa yeyote, lakini huku kwetu wanaoumia zaidi ni mbwa wa mbegu, yaani German Shepherd, Rottweiler, Boerboel na machotara wao, na sababu yake si kwamba damu yao ni dhaifu. Mbwa wa kienyeji anayezurura Ujiji hula makombo ya ugali nyumbani, kisha huteremka mwaloni, wanakoshushwa samaki, kuokota vichwa vya migebuka, hukamata panya, huvizia matumbo yanayotupwa nyuma ya bucha, na hivyo hujitafutia mwenyewe kile ambacho ugali haukumpa. Mbwa wa mbegu aliyefungiwa bandani Mwanga au Gungu hana njia hiyo. Akipewa ugali wa muhogo na mchuzi kila siku, basi hicho ndicho chakula chake chote. Upungufu wa mwilini ni jambo jingine kabisa, kwa sababu hapo chakula kinaweza kuwa kizuri na bado vitamini isipokelewe, na hapo ndipo aina ya mbwa inapokuwa swali la kwanza badala ya kuwa la mwisho.

Jambo moja tuliondoe mapema: mbwa hutengeneza vitamini C katika ini lake mwenyewe. Wanaomkamulia mbwa machungwa kwa sababu ufizi wake unatoka damu wanapoteza machungwa na wanapoteza muda.

Magonjwa yanayojifanya upungufu

Mfunue mbwa mdomo mchana, penye mwanga, ubonyeze ufizi kwa kidole kisha uachie. Ufizi wenye afya ni wa waridi, na rangi yake hurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Kwa mbwa mwenye ufizi mweusi wa asili, tazama ngozi laini ya ndani ya kope la chini. Ukikuta weupe kama wa karatasi, mbwa amepungukiwa damu, na katika mazingira yetu washukiwa wa mwanzo ni minyoo ya safura na magonjwa yanayoletwa na kupe. Pekua katikati ya vidole na ndani ya masikio, maana kupe hupenda kujificha huko kuliko mgongoni ambako kila mtu hutazama.

Jicho likiingia ukungu wa bluu au wa maziwa, tezi za shingo zikavimba na homa ikawa inakuja na kuondoka, wengi husema ni upungufu wa vitamini A. Kwa mbwa aliyefuatana na wawindaji, warina asali au wakulima wa tumbaku katika misitu ya miombo ya Urambo, Kaliua na kwingineko mkoani Tabora, mimi hufikiria mbung'o kwanza, kwa sababu nagana, yaani malale ya wanyama anayoyaeneza, humpata mbwa pia na mara nyingi hujionyesha machoni. Damu yake ipelekwe ikatazamwe kwa hadubini. Asidungwe dawa ya nagana ya ng'ombe kwa kukadiria, kwa kuwa diminazini ikizidi kidogo tu kwa mbwa huweza kuharibu ubongo.

La tatu ndilo lisilovumilia uzembe. Mbwa anayeyumba, anayetokwa mate, aliyebadilika tabia au aliyeshindwa kumeza achukuliwe kuwa na kichaa cha mbwa mpaka daktari wa mifugo aseme vinginevyo. Usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Aliyeng'atwa, au aliyerukiwa na mate kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Anakula sana, anakonda, na kinyesi ni kingi

Nilimwona German Shepherd dume wa miaka miwili huko Gungu ambaye mbavu zake zilihesabika kutoka barabarani. Mwenyewe aliapa kuwa anampa chakula cha mbwa wawili, na sikuwa na sababu ya kumtilia shaka, kwa kuwa sufuria ilikuwa imelambwa ikang'aa. Kilichosema ukweli ni kinyesi kilichokuwa pembeni ya banda: lundo kubwa, laini, la rangi ya udongo wa kijivu, linalong'aa mafuta na lenye punje za mahindi zilizopita kama zilivyoingia. Mbwa alikuwa akirudi kukila kinyesi hicho, na mwenye nyumba alimchapa kwa tabia mbaya. Haikuwa tabia mbaya, ilikuwa njaa.

Picha hiyo, kwa German Shepherd kijana, huelekeza kwenye kongosho lililonyauka. Aina hii ya mbwa ina mwelekeo wa kurithi wa kupoteza sehemu ya kongosho inayotengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula, na dalili huanza mara nyingi mbwa akiwa bado kijana. Upungufu wa vitamini huingia hapa kwa mlango wa nyuma. Ili vitamini B12 ipokelewe kwenye utumbo mwembamba, inahitaji protini maalumu ya kuibeba, na tofauti na binadamu, ambaye tumbo lake ndilo linaloitengeneza, mbwa huipata kwa sehemu kubwa kutoka kwenye kongosho. Kongosho likifa, mbebaji hupungua. Na juu ya hayo, bakteria wanaozaliana katika chakula kisichosagwa hujinyakulia B12 iliyobaki. Mbwa anaweza kuwa anakula maini kila Jumamosi na bado damu yake haina kitu.

Uthibitisho ni kipimo cha damu kiitwacho TLI, ambacho huchukuliwa mbwa akiwa hajala usiku kucha. Muulize daktari wa mifugo kama sampuli inaweza kupelekwa kwenye maabara kubwa nje ya mkoa. Wakati huohuo kinyesi kitazamwe minyoo na giardia, kimelea kidogo cha utumbo, kwa sababu hao nao hukondesha na ni rahisi kuwatibu.

Tiba ina sehemu mbili, na anayefanya moja bila nyingine hushangaa kwa nini mbwa hanenepi. Ya kwanza ni vimeng'enya. Unga wake wa dukani ni ghali na si rahisi kuupata, lakini machinjioni kongosho la ng'ombe huwa halina mteja. Kongosho bichi lililokaguliwa na mkaguzi wa nyama, likakatwakatwa, huchanganywa na chakula kwa kiasi cha gramu 30 hadi 90 kwa kila mlo, kulingana na ukubwa wa mbwa. Linaweza kugandishwa kwenye friza kwa miezi likabaki na nguvu yake, lakini likichemshwa limekuwa nyama ya kawaida, kwa kuwa moto huua vimeng'enya. Mwambie mchinjaji kongosho kwa jina na umwonyeshe lilipo, maana ukisema tu "vitu vya ndani" utarudi nyumbani na bandama. Ya pili ni B12 yenyewe, ambayo daktari huidunga chini ya ngozi mara moja kwa wiki kwa wiki 6, kisha sindano nyingine baada ya mwezi mmoja, halafu damu hupimwa tena. Dozi hufuata uzito wa mbwa. Ile multivitamini ya chupa siyo mbadala, kwa sababu kiasi chake cha B12 hakikupangwa kwa ajili ya mbwa aliyeishiwa kabisa.

Mbegu nyingine chache hukosa B12 bila kongosho kuwa na tatizo. Katika Border Collie, Beagle, Giant Schnauzer na Australian Shepherd kuna kasoro ya kurithi inayofanya ukuta wa utumbo ushindwe kuipokea vitamini hiyo, na mtoto wa mbwa huwa mdogo kuliko ndugu zake, mvivu wa kula na mwenye damu pungufu. Shar-Pei nao hujulikana kwa kuwa na B12 ya chini. Ni mbwa adimu huku, ila anayemwagiza mmoja ajue kwamba mwenye kasoro hiyo atahitaji B12 maisha yake yote.

Ngozi: magamba, ukoko, manyoya yanayonyonyoka

Ngozi hukwanguliwa kwanza na kutazamwa wadudu wa upele na fangasi. Hilo likishafanyika na lisionekane kitu, ndipo aina ya mbwa iulizwe.

Cocker Spaniel mwenye mba wa mafuta, vinyweleo vilivyozibwa na magamba magumu kifuani na ubavuni, harufu nzito na masikio yasiyopona, anaweza kuwa na ugonjwa wa ngozi unaotii vitamini A. Hapa pana jambo la kuchanganya kidogo: vitamini A katika damu ya mbwa huyo huwa ya kawaida. Tatizo liko katika ngozi, na dozi inayomponya ni kubwa kuliko mahitaji ya mbwa wa kawaida, kwa hiyo hupangwa na daktari na mara nyingi huendelea maisha yote. Kumzidishia maini kwa kubahatisha siyo njia, kwa sababu vitamini A hulimbikizwa mwilini na ikizidi hudhuru mifupa.

Husky na Malamute wanapotokwa na ukoko mgumu kuzunguka macho, mdomo na kwenye nyayo, si vitamini kabisa bali ni madini ya zinki ambayo utumbo wao haupokei vizuri. Ugonjwa unaofanana nao huwapata watoto wa mbwa wakubwa wa aina yoyote wanaolishwa pumba na dona kwa wingi, kwa sababu fitati, kemikali za asili zilizomo katika pumba, hukamata zinki isifyonzwe, na wanaoongezewa unga wa chokaa juu yake huharibikiwa zaidi. Kwa hao wa pili kubadilisha chakula mara nyingi hutosha. Kwa Husky huhitajika zinki ya kudumu.

Kinywa kinaoza: ulimi mweusi

Huu ni upungufu wa sufuria, na wenye kula ugali wa mahindi mtupu ndio wake. Niasini, yaani vitamini B3, iliyomo katika mahindi imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua, na protini ya mahindi ina uchache wa triptofani, malighafi ambayo mwili wa mbwa ungeitumia kujitengenezea niasini yake. Mbwa huanza kwa kukataa chakula. Midomo na ufizi huwa mwekundu sana, kisha vidonda hutokea, mate huwa mazito yenye damu, kinywa hunuka uozo, kuhara damu hufuata. Mwaka 1937 huko Wisconsin, Marekani, Conrad Elvehjem na wenzake waliwaponya mbwa wenye ugonjwa huu kwa asidi ya nikotini, ambayo ndiyo niasini, na kwa njia hiyo ikajulikana dawa ya pelagra ya binadamu, ugonjwa ambao nao hufuata wanaoishi kwa mahindi. Ni mara chache mbwa kumfaa mwenye mbwa kwa kiasi hicho.

Usidanganywe na jina. Chow Chow na Shar-Pei huwa na ulimi wa bluu-nyeusi tangu wadogo, na mbwa wengi wa kienyeji wana madoa meusi ulimini. Rangi bila vidonda wala harufu si ugonjwa. Kwa mbwa mzee mwenye vidonda mdomoni, harufu kama ya mkojo na kiu isiyokwisha, figo zichunguzwe kabla ya sufuria. Mwenye upungufu wa niasini hupona haraka akidungwa au kunyweshwa vitamini yenyewe, kisha aongezewe nyama, samaki, maini kidogo au karanga zilizosagwa ndani ya ugali.

Mtoto wa mbwa amepinda miguu

"Mtoe juani," ndivyo mfugaji huambiwa, na ushauri huo umetoka kwa watoto wa binadamu. Ngozi ya mbwa hutengeneza vitamini D kidogo mno isiyotosheleza mahitaji yake, kwa hiyo jua la Kigoma, pamoja na ukali wake wote, haliwezi kuchukua nafasi ya chakula. Mtafiti Edward Mellanby, aliyeandika matokeo yake mwaka 1919 huko Uingereza, aliwalisha watoto wa mbwa uji wa nafaka mpaka wakapata matege, akawaponya kwa mafuta ya ini la samaki.

Hata hivyo kwa Rottweiler, Boerboel na German Shepherd wanaokua kwa kasi, nionavyo mimi kosa huwa zaidi katika kalsiamu, na huja kwa njia mbili zinazopingana. Yuko tajiri anayemlisha mtoto wa mbwa nyama tupu ili awe na kifua. Nyama ina fosforasi mara 15 hadi 20 ya kalsiamu yake, mwili hunyang'anya kalsiamu kutoka mifupani ili kusawazisha damu, na mfupa huwa mwepesi hadi kuvunjika kwa kuruka ngazi moja. Yuko pia aliyesoma kwamba kalsiamu ni nzuri, akanunua unga wa mifupa wa kuku wa mayai na kuumwaga kijiko baada ya kijiko. Mtoto wa mbwa mkubwa hana uwezo wa kuzuia kalsiamu iliyozidi isiingie, na mifupa yake huharibika kwa kushiba. Uwiano unaotafutwa ni kalsiamu kuzidi fosforasi kidogo tu, na dagaa wakavu wasio na chumvi, waliooshwa mchanga na kusagwa wakiwa wazima na mifupa yao, husaidia sana kuufikia, kwani huleta kalsiamu na vitamini D pamoja.

Anayumba, shingo inalegea, anadondoka

Kichaa cha mbwa kikishaondolewa na daktari, na sumu ya dawa ya kuogeshea mifugo ikashaulizwa, uliza samaki. Baadhi ya samaki wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoivunja thiamini, yaani vitamini B1, na samaki wa ukoo wa dagaa wamo miongoni mwa wanaojulikana kwa jambo hilo. Mbwa wa walinzi wa mwaloni Kibirizi anayejilia dagaa wabichi walioanikwa mchangani mara moja moja hapati shida. Anayeweza kupata shida ni yule aliyefungwa ambaye samaki wabichi ndio mlo wake wa kila siku kwa wiki nyingi. Huanza kukosa hamu, hutapika, miguu ya nyuma hulegea, mboni hupanuka, kisha degedege. Kuchemsha samaki hukiua kimeng'enya hicho, na kuanika juani pekee kusihesabiwe kuwa ni kupika. Sindano ya thiamini ikiwahi, mabadiliko huonekana upesi, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Yasipoonekana, ulikuwa ukitafuta mahali pasipo.

Haoni usiku

Mbwa anayegonga viti jioni lakini mchana anaona, akiwa amelishwa ugali mweupe na maharage tu, huenda amekosa vitamini A, na Kigoma ina dawa yake katika kila chupa barabarani. Mwili wa mbwa unaweza kugeuza karotini kuwa vitamini A, jambo ambalo paka hawezi, na mawese yetu yana karotini tele pamoja na vitamini E. Kijiko kimoja cha chai kwa siku kinamtosha mbwa wa kati. Kikombe kizima kitamharisha na kinaweza kumletea uvimbe wa kongosho. Yawe mekundu, kwa sababu yaliyochomwa mpaka yakaangaza yamekwisha kupoteza karotini. English Cocker Spaniel wana ugonjwa wao wa retina unaohusiana na ukosefu wa vitamini E. Lakini kwa Labrador na Cocker wenye lishe nzuri, upofu wa usiku unaozidi polepole huwa ni wa kurithi, na hakuna mafuta wala kidonge kitakachourudisha nyuma.

Damu inatoka

Upungufu wa vitamini K unaotokana na chakula ni nadra sana kwa mbwa. Sababu ya kweli ni dawa ya panya ya kundi linalozuia damu kuganda, ambayo huizuia vitamini K isifanye kazi, na damu huanza kutoka siku kadhaa baada ya kula, wakati mwenye nyumba amekwisha kusahau alipoiweka. Mbwa hutibiwa kwa vitamini K1 kwa wiki kadhaa. Vitamini K3 iliyomo katika baadhi ya michanganyiko ya kuku haifai kwa sumu hii. Damu ya puani pekee humfanya mtu afikirie pia magonjwa ya kupe. Na Doberman anayetoka damu nyingi kwa jeraha dogo au akikatwa mkia ana kasoro ya kurithi ya kuganda kwa damu ambayo vitamini K haiigusi, kwa hiyo daktari aambiwe kabla hajashika kisu.

Wakati wa kujaribu

Badilisha jambo moja tu, ulipe wiki mbili au tatu, na uandike. Anayeanza mawese, dagaa, dawa ya minyoo na multivitamini siku moja hatajua kilichomponya mbwa wake, na akiugua tena atarudia vyote vinne. Uzito upimwe kila wiki kwa kusimama kwenye mizani ukiwa umembeba mbwa, kisha peke yako, na kutoa. Mbwa mkubwa apelekwe penye mizani ya magunia. Ukienda kwa daktari chukua picha ya sufuria kama ilivyo kabla hajala, na kinyesi cha asubuhi hiyo ndani ya kopo safi lenye kifuniko, kilichookotwa juu bila kugusa udongo, kwa sababu kinyesi cha jana kilichokauka bandani huwa na mayai ya wadudu ambao hawakutoka tumboni mwa mbwa wako.